TV mpya imegoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Tanga

Ukurasa huu ni wa aliyenunua TV Ngamiani, Chumbageni au Muheza, au aliyeagiza Kariakoo ikaja kwa basi, na kabla hajaizoea kioo kimeota mistari, sauti inasikika bila picha, au imezima jumla. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Kama TV yako imegoma leo, soma maswali matatu ya mwanzo kabla hujamwita mtu yeyote. Mengine yanaweza kusubiri.

TV ina wiki moja tu na imezima. Nianzie wapi?

Hakikisha kwanza kwamba mbovu ni TV. Badilisha soketi, chomoa king'amuzi uiache TV peke yake, weka betri mpya kwenye rimoti, jaribu waya mwingine wa HDMI. Wapo waliofika dukani kwa kishindo wakaondoka wapole, na waya mpya mkononi.

Ikiwa kweli ni TV, acha kuitumia. Chukua simu urekodi video moja isiyokatwa: ianze kwenye kioo ikionyesha tatizo, kisha izunguke nyuma hadi kwenye karatasi yenye modeli na serial namba. Video ya kioo peke yake inaweza kuwa ya TV yoyote duniani, na muuzaji mjanja atakwambia hivyo hivyo. Kusanya risiti, kadi ya waranti, rimoti, miguu ya TV na boksi lenyewe pamoja na vile vikingio vyeupe vya ndani. Kama boksi umeshampa jirani alalie kuku, hujapoteza haki yako, ila kuisafirisha TV salama kutakugharimu.

Halafu mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo, na iwe kwa maandishi. Kupiga simu ni uungwana, lakini simu haiachi alama ya mlichozungumza. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Assalaam aleykum. TV niliyonunua kwako tarehe fulani, modeli fulani, serial namba hii, tangu jana haitoi picha. Naomba uipokee na uniambie utanitatulia vipi. Risiti ninayo." Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa aina hiyo unakubalika mahakamani kama ushahidi.

Kwa nini haraka yote hiyo? Si nina waranti ya mwaka?

Waranti ni jambo moja, haki ya kuikataa TV ni jingine, na hapa ndipo wengi hupoteza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakupa haki ya kuikataa bidhaa mbovu na kudai pesa yako yote. Haki hiyo hupungua ukishahesabiwa kuwa "umeipokea" bidhaa, na utahesabiwa hivyo ukisema umeridhika, ukiifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya, au ukikaa nayo muda wa kutosha bila kusema kitu.

Muda wa kutosha ni upi? Sheria haikutaja siku. Hakimu ataangalia bidhaa yenyewe na mazingira. Aliyelalamika ndani ya siku chache baada ya tatizo kujitokeza yuko pazuri. Aliyeivumilia miezi minne kwa sababu "inawaka ukiipiga kofi" ameshateremka daraja: bado anaweza kudai fidia kwa ubovu, lakini kuirudisha TV na kudai bei yote kunakuwa kugumu.

Mtaani kuna fundi hodari. Kuna ubaya akiitazama kidogo?

Upo. Skrubu moja ikishafunguliwa, ubishi unahama kutoka "TV ilikuwa mbovu" kwenda "nani aliiharibu", na huko hutoki salama. Waranti karibu zote hufa pale mfuniko wa nyuma unapofunguliwa na mtu asiye wa kampuni, na baadhi ya watengenezaji hubandika stika ndogo juu ya skrubu kwa kazi hiyo tu.

Fundi wako anaweza kukusaidia bila kuigusa kwa bisibisi. Mwambie aje atazame, asikilize, kisha aandike kwa mkono wake alichokiona: tarehe, modeli, serial namba, dalili. Fundi wa siku nyingi anajua kwamba sauti ipo na kioo ni cheusi, lakini ukimulika tochi unaona picha kwa mbali, hapo taa za nyuma ya kioo ndizo zilizokufa. Hilo linaonekana bila kufungua chochote. Karatasi yake itakufaa baadaye.

Dukani wananiambia, "Bosi wangu, sisi ni wauzaji tu, nenda kampuni Dar." Ni kweli?

Hapana. Hili ndilo jibu la kulishika kuliko yote katika ukurasa huu.

Pesa ulimpa nani? Risiti ina jina la nani? Huyo ndiye uliyefunga naye mkataba, na huyo ndiye anayewajibika kwako kwanza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kwamba anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani, akikuuzia kwa maelezo yake, bidhaa hiyo lazima iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Haisemi "isipokuwa kama hakuitengeneza yeye". Muuzaji wa Barabara ya Nane hakuitengeneza TV, sawa, lakini faida ameipata yeye, na yeye ndiye mwenye njia ya kumrudia aliyemuuzia kwa jumla. Wewe humjui huyo wa jumla na huna mkataba naye.

Kampuni yenye waranti nayo ina wajibu, wa pili. Una milango miwili na unaweza kuchagua wa kubisha. Wakati mwingine wa kampuni hufunguka haraka zaidi, hasa kwa brandi kubwa zenye vituo vya huduma Dar es Salaam. Lakini muuzaji akikuelekeza huko, mwambie kwa upole: "Sawa kaka, kampuni nitaenda, lakini TV naiacha kwako na unisainie kwamba umeipokea." Mara nyingi sentensi hiyo hubadilisha mazungumzo.

Risiti imegongwa muhuri: "Mali ikishauzwa hairudishwi". Si ndiyo basi tena?

Muhuri huo uko kila mahali, kuanzia kandambili hadi majokofu, na umewatisha watu wengi ambao hawakustahili kutishwa.

Una maana pale tu ulipobadili mawazo. Umenunua inchi 55, umefika nyumbani Makorora umekuta ukuta hautoshi: hiyo si kosa la muuzaji na hana lazima ya kuipokea. Akiipokea ni hisani yake, mshukuru. Lakini TV ikiwa mbovu, muhuri hauifanyi nzima. Kwanza, umekabidhiwa risiti ukishalipa. Maneno ambayo hukuonyeshwa wala kuyakubali kabla ya kutoa pesa ni vigumu kuyaita makubaliano yenu. Pili, Sheria ya Ushindani ya 2003, ile iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, ina sehemu nzima ya masharti yanayohesabiwa yamo ndani ya mkataba wa mlaji hata kama hakuna aliyeyaandika.

Usibishane na muhuri kwa sauti. Sema, "Sirudishi mali nzuri, narudisha mali mbovu," na uendelee.

Niliijaribu dukani, ikawaka vizuri. Hilo linaninyima haki?

Linategemea ubovu ni upi. Ikiwa umekagua bidhaa kabla ya kununua, sheria haikulindi kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulitakiwa kuzionyesha. Kioo kilichopasuka pembeni, rangi iliyochubuka, soketi ya HDMI iliyovunjika: kama uliitazama ukaondoka nayo, umebeba. Ubovu uliojificha, kama bodi inayopata moto baada ya saa mbili au taa za ndani zinazokufa siku ya tano, hauwezi kuonekana kwa kuwasha dakika tatu kaunta. Huo bado ni wa muuzaji.

Kwa hiyo ukijaribu, jaribu kweli. Washa picha nyeupe kioo kizima, halafu nyeusi, utafute nukta zilizokufa na madoa. Chomeka kitu kwenye kila tundu la HDMI na USB. Unganisha na intaneti ya simu yako. Acha iwake wakati unapiga soga na muuzaji. Tanga kuna haraka gani?

Nani anachagua: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa?

Muuzaji atataka kuitengeneza, kwa sababu ndiyo njia rahisi kwake. Ikiwa TV ilikuwa mbovu tangu ulipoichukua na umelalamika mapema, hulazimiki kukubali matengenezo. Unaweza kuikataa na kudai bei uliyolipa. Kubadilishiwa hutokea kwa makubaliano, na mara nyingi ndiko kunakowafaa wote wawili: yeye hatoi pesa, wewe unapata TV.

Ukikubali itengenezwe, usiiache hivi hivi. Pata karatasi inayosema wameipokea tarehe gani, ina tatizo gani, itarudi lini, na kwamba isipotengemaa utarudishiwa pesa. Bila karatasi hiyo utaambiwa "kesho" mpaka mwezi wa Ramadhani ukukute unasikiliza redio.

Na nauli? Gharama zilizotokana moja kwa moja na ubovu, kama kuisafirisha kwenda na kurudi, unaweza kuzidai katika fidia. Tunza tiketi.

Sikupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nimekwisha?

Hujakwisha, ila umejiongezea kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na TRA wana wimbo wao: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kutodai risiti ni kosa la mnunuzi pia, usilisahau hilo unapomtisha muuzaji kwamba utamshtaki TRA.

Kinachotakiwa ni kuthibitisha mauzo, na risiti ni njia mojawapo tu. Kama ulilipa kwa Lipa Namba, ujumbe wa simu una jina la biashara, kiasi, tarehe na saa, na mtandao unaweza kukutolea taarifa ya miamala. Mazungumzo ya WhatsApp ya kupatana bei ni ushahidi. Kijana wa bajaji aliyekubebea ni shahidi. Kadi ya waranti iliyogongwa muhuri wa duka ina nguvu kubwa. Kilicho kibaya zaidi ni pesa taslimu, bila karatasi, bila shahidi, na punguzo ulilopewa "ukiacha risiti". Punguzo hilo ni bei ya haki zako, ulilipwa.

Risiti ya EFD ikiwepo, ihakiki kwenye mfumo wa TRA na upige picha. Karatasi yake hufifia, na baada ya muda utabaki na kipande cheupe.

Wanasema, "Umeme wenu wa Tanga ndio umeunguza, sisi hatuhusiki."

Huu ndio utetezi wanaoupenda, na wakati mwingine ni kweli. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, au waya wa nyutro ukilegea kwenye nguzo, vifaa huungua kweli.

Lakini anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Muuliza: fundi gani amesema? Ameona nini? Aandike. Umeme mkubwa ukipita huacha dalili kwenye bodi ya pawa: fyuzi iliyokatika, kapasita iliyovimba au kulipuka, kipande kilichoungua. Bodi ya pawa ikiwa safi na kioo kina mistari ya wima, habari ya umeme inakuwa ngumu kuaminika. Tazama pia nyumbani: ikiwa siku hiyo jokofu, feni na chaja vyote vilinusurika, na majirani hawakupoteza kitu, sema hivyo.

Na ikiwa ni umeme kweli, vyombo vya nyumba tatu vimeungua usiku mmoja, basi madai yako hayako dukani. Toa taarifa TANESCO mara moja, upate namba ya taarifa, orodhesheni vilivyoungua na majirani zako, kisha andikeni barua ya madai. Wasiporidhisha, malalamiko huenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Njia hiyo ni ndefu, na wanaokwenda kikundi husikilizwa kuliko anayekwenda peke yake.

Kifaa cha kulinda umeme si lazima kisheria. Angalia tu kadi ya waranti, baadhi zinakiweka kuwa sharti.

Je, hewa ya bahari inaweza kuiua TV?

Inaweza, kwa muda. Chumvi na unyevu hula miguu ya vipuri kwenye bodi, na wakazi wa Raskazoni na Sahare wanaijua kutu hiyo kwenye mabati na pasi. Lakini si katika wiki mbili. Ukionyeshwa bodi yenye kutu ya kijani kwenye TV ya siku kumi, uliza ilikaa wapi kabla ya kufika kwako. Huenda uliuziwa iliyotumika.

Nilinunua Kariakoo, ikaletwa kwa basi. Nimefungua boksi, kioo kimepasuka. Nani analipa?

Hapa sheria haiko upande wako kama unavyodhani. Kwa kawaida, ukimwambia muuzaji akutumie mzigo, kumkabidhi msafirishaji kunahesabiwa ni kukukabidhi wewe. Kuanzia hapo hatari ya njiani ni yako, isipokuwa mmekubaliana vingine, au muuzaji alifanya uzembe: aliifunga vibaya, au hakumwambia kondakta kwamba ndani kuna kioo. Muuzaji ana wajibu wa kufanya mpango wa usafiri unaoeleweka kwa mzigo wa aina hiyo.

Kwa hiyo patana kabla ya kulipa. Ujumbe mfupi unatosha: "Mzigo ni jukumu lako mpaka nitakapoufungua Tanga." Akijibu "sawa", umekwisha kujilinda. Omba akutumie video ya TV ikiwaka na serial namba ikionekana kabla haijafungwa. Na ukifika stendi, fungua boksi hapo hapo mbele ya mtu wa ofisi ya mizigo, huku mwingine akirekodi. Watanung'unika kwamba unawachelewesha. Waache wanung'unike. Ukishaondoka na boksi lililofungwa, kila mmoja atasema kioo kilivunjikia kwa mwenzake.

Risiti ya mzigo isome. Kama imeandikwa "nguo" ili nauli ipungue, basi kampuni ya basi ilibeba nguo.

Wa Bagamoyo, ninyi mna bahati. Kariakoo mnakwenda na kurudi siku moja. Nendeni wenyewe, mkae nayo kwenye gari.

TV yangu ilitoka Zanzibar. Nyingine Mombasa, kupitia Horohoro. Nadai wapi?

Sheria ya Ushindani ya 2003 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na chombo chake cha kumlinda mtumiaji, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, juu ya ibara ya 46 ya katiba yao. Haki unazo kote, lakini unazidai kule ulikonunua, kwa nauli yako. Waranti za kampuni nazo mara nyingi zimefungwa kwa nchi moja. Iliyotolewa kwa soko la Kenya inaweza kukataliwa Dar.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mwambao huu una bandari bubu nyingi, na si kila TV inayouzwa kwa bei ya kutupa imelipiwa ushuru. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mali isiyolipiwa ushuru inaweza kutaifishwa ikiwa sebuleni kwako. Aliyekuuzia hatakuwa na risiti, wala waranti, wala hamu ya kukuona tena. Ile nafuu ya bei ndiyo hiyo.

Boksi linasema inchi 43 na 4K. Nahisi nimepigwa.

Pima. Inchi za TV hupimwa mshazari, kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kioo peke yake bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Ya 32 iwe karibu sentimita 81, ya 43 karibu 109, ya 55 karibu 140. Pungufu ya sentimita moja au mbili ni ya kawaida. Pungufu ya kumi ni udanganyifu.

Kuhusu 4K: kioo chake kina nukta 3840 kwa 2160. Full HD ni 1920 kwa 1080. Katika TV za bei ndogo kuna mchezo wa kuandika 4K kwa sababu inaweza *kupokea* video ya 4K, wakati kioo ni cha HD. Tafuta modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Modeli isiyopatikana popote, na jina la brandi lililokosewa herufi moja, ni dalili ya bidhaa bandia.

Kumpotosha mnunuzi kuhusu ukubwa, ubora au asili ya bidhaa kumekatazwa na Sheria ya Ushindani. Bidhaa bandia zina sheria yake, ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na FCC pia. Mambo ya viwango na usalama ni ya TBS, Shirika la Viwango. TV iliyotoa moshi au moto, ipige picha, iripoti TBS na FCC, na usiichomeke tena "kujaribu". Moto ukishika, namba ya Zimamoto ni 114.

Inawaka vizuri lakini haishiki chaneli hata moja.

Huenda haina ubovu. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, na tangu hapo unahitaji king'amuzi, au TV yenye kipokezi cha dijitali cha ndani. Lakini ikiwa boksi limeandikwa kwamba kipokezi kimo, na hakimo, hilo ni dai la maelezo ya uongo, rudi swali lililotangulia.

Niliinunua kwa ajili ya kibanda umiza. Mimi bado ni mlaji?

Sheria ya Ushindani inamtazama mlaji kama mtu anayenunua si kwa ajili ya kuuza tena. Wewe huuzi TV, unauza nafasi ya kukaa kwenye benchi na kupiga kelele, kwa hiyo una hoja nzuri. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inakulinda vyovyote iwavyo. Tatizo lako ni waranti: nyingi zinasema ni kwa matumizi ya nyumbani tu. Ukilalamika kwa kampuni kwamba TV imezima katikati ya mechi ya Coastal Union mbele ya wateja sitini, umejifunga goli.

Nilinunua iliyotumika.

Kutoka dukani: bado lazima ifae kuuzwa kama TV iliyotumika ya bei hiyo. Ikizima keshokutwa, una dai. Kutoka kwa jirani anayehama: yeye si mfanyabiashara, sheria ya ubora haimbani. Atabanwa tu kama alikudanganya au TV haikuwa yake. Jaribu sana, lipa mbele ya watu.

Ni zawadi ya harusi. Aliyenunua ni shangazi.

Mkataba ni wa shangazi na duka, kwa hiyo adai yeye, au akuandikie kwamba umwakilishe na akupe risiti. Aibu ya kumwambia shangazi kwamba zawadi yake ni mbovu, hiyo sheria haina dawa yake.

Nailipa kidogo kidogo. Niache kulipa?

Usiache kimya kimya. Watakuja kuichukua na wewe ndiye utakayeonekana mkosaji. Andika kwamba TV ni mbovu tangu tarehe fulani, unaomba ibadilishwe, na malipo yasimame mpaka hapo. Kisha soma mkataba wako kabla ya hatua nyingine.

Nilituma pesa kwa muuzaji wa Instagram. Ameniletea kichefuchefu, au hajaniletea kitu.

Kama ana duka na jina, mfuate kama muuzaji mwingine yeyote. Anayeuza mtandaoni anatakiwa kisheria kujitambulisha. Kama alikuwa namba ya simu tu na sasa haipatikani, huo ni utapeli: toa taarifa polisi, mjulishe mtoa huduma wa pesa za simu haraka ajaribu kuzuia salio, na tuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Basi niende polisi hata kwa duka la kawaida?

Polisi hawakusanyi madeni. TV mbovu kutoka duka linalojulikana ni shauri la madai. Polisi ni kwa udanganyifu, wizi na vitisho.

Muuzaji amekataa katakata. Hatua ni zipi?

Barua kwanza. Iwe ukurasa mmoja: jina lako na la duka, tarehe ya kununua, bei, modeli, serial namba, tatizo, tarehe uliyomjulisha na alichojibu, unachodai, na siku unazompa, kumi na nne zinatosha. Malizia kwa kusema usipopata jibu utapeleka malalamiko FCC na kufungua madai mahakamani. Usitukane. Peleka nakala mbili, asaini moja. Akikataa kusaini, nenda na mjumbe au mtu wa ofisi ya mtaa ashuhudie.

Wengine hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa kupatanishwa, na kwa Tanga, ambako mwenye duka na mteja huswali safu moja, upatanishi huu hufanya kazi kuliko watu wa mbali wanavyofikiri. Mkielewana, andikeni.

FCC hupokea malalamiko ya walaji bure, na inaweza kuchunguza, kumwamuru mfanyabiashara afuate sheria na kutoa amri ya fidia. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Baraza la Ushindani. Ni njia nzuri hasa pale duka moja linapowafanyia wengi. Kwa mtu mmoja na TV moja, Mahakama ya Mwanzo mara nyingi iko karibu zaidi: inasikiliza madai ya fedha yatokanayo na mkataba, bei ya TV iko chini kabisa ya kikomo chake, na shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Huna lazima ya wakili. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watakusaidia kupanga nyaraka; uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Kisheria, madai ya mkataba kwa kawaida yana miaka sita. Usiutegemee muda huo: maduka hufungwa na simu hubadilishwa.

Nimeshinda kesi, lakini halipi.

Rudi mahakama ile ile na nakala ya hukumu, uombe kukazia hukumu. Mahakama inaweza kuamuru mali zake zikamatwe na kuuzwa hadi deni na gharama zako zilipwe. Mwenye duka la vifaa vya umeme hana pa kuficha mali, zote ziko kwenye rafu.